Aliye juu mngoje chini: barua zenu kuhusu puto

Toleo lililopita niligusia, kwa mistari mitatu tu, riwaya ya Mfaransa Jules Verne ya mwaka 1863 ambamo Waingereza watatu, wakiongozwa na daktari mmoja, wanapaa kwa puto kutoka Unguja na kulikata bara la Afrika mpaka Senegali kwa wiki tano. Mada yangu ilikuwa nauli za boti. Kuhusu nauli haikuja hata barua moja. Za puto zimejaza meza. Basi mwezi huu safu nzima ni ya puto.

Kwa msomaji mgeni: mimi ni mtoto wa mvuvi wa Kizimkazi, na kwa miaka 18 nilikuwa dereva wa gari la kufuata maputo ya watalii Serengeti. Kupanda nimepanda mara nne. Kufuata nilifuata karibu kila alfajiri ya miaka hiyo.

*"Shikamoo babu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kwihara, Tabora. Mwanangu wa kidato cha pili amesoma muhtasari wa hiyo riwaya, anasema wale wasafiri walishuka hapa kwetu Kazeh na wazee wetu wakadhani puto ni mwezi umeshuka. Ananiuliza kama ni kweli na mimi sina la kumjibu. Walifika?"*

Marahaba mama. Mwambie kijana hawakufika. Safari yote ni ya kutungwa, na Verne alipoiandika alikuwa hajatia mguu Afrika. Alisoma tu. Alisoma taarifa za wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliopita hapo kwenu, akasoma za Mjerumani Heinrich Barth aliyezunguka pande za ziwa Chad na Timbuktu miaka ya 1850, akaona katikati ya njia zao kuna pengo, akalishona kwa puto. Ndiyo maana majina mengi mle ndani ni ya kweli. Kazeh ni Tabora yenu hiyo hiyo. Hata hilo la mwezi lina mzizi, nao ni jina la Unyamwezi. Wengi hulieleza kwamba watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa upande wa machweo, kule mwezi mwandamo unakoonekana. Wazungu wakalichukua kama "Nchi ya Mwezi", na Verne akaliokota akalifanyia kisa: puto linatokea juu ya Kazeh, watu wanawapokea wageni kama watoto wa mwezi, mpaka jioni mwezi wenyewe unapochomoza na wageni inawabidi watoroke.

Kwa mtoto wa Paris ni kisa kitamu. Kwa mtoto wa Tabora kinauma, wala sioni sababu ya kumficha. Ipo hata sehemu ambapo wasafiri wanaona kundi la nyani wanadhani ni wenyeji, na baadaye mmoja wao anasema ukiwa mbali tofauti si kubwa. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu siku mbili. Nilikirudia kwa sababu mambo ya anga yule bwana aliyaota vizuri mno, na mimi anga naipenda.

Sasa mwambie kijana Kazeh ya kweli ilivyokuwa. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakaingia Kazeh tarehe 7 Novemba. Karibu miezi mitano njiani, na si kwa kufyeka pori. Walifuata njia ambayo wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wameikanyaga miaka na miaka, mmoja nyuma ya mwenzake. Mbele anakwenda kirangozi, kiongozi wa msafara, na bendera, nyuma yake watu wamejitwika vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba. Wakivuka Ugogo wanatozwa hongo. Siku hizo hongo lilikuwa neno safi kabisa, ushuru wa njia ambao mtemi anautoza waziwazi mchana kweupe. Limekuja kuchafuka baadaye. Walipofika Kazeh walipokewa na wafanyabiashara Waarabu, akiwamo Snay bin Amir, waliokuwa na nyumba, bustani na watu. Wakalishwa, wakauguzwa, wakaelezwa maziwa yako upande gani. Speke alipokwenda kaskazini na kuliona lile ziwa kubwa la Victoria tarehe 3 Agosti 1858, alikuwa anafuata maelezo aliyopewa hapo kwenu.

Nchi yenye ushuru wa njia inajulikana, mama. Inajulikana na anayetoza na anayelipa. Ramani iliyokuwa tupu ni ile ya London.

*"Assalaam alaykum. Nawaandikia kutoka Muscat. Bibi yangu mzaa baba, aliyezaliwa Unguja, alikuwa akisema kwamba mtu wa kwetu aliivuka Afrika kwa miguu zamani za akina Livingstone, akatokea bahari ya pili. Ndugu zangu wananicheka. Ni maneno ya bibi tu?"*

Waalaykum salaam. Wacheke wao. Bibi yako alimkusudia, kwa dhana yangu, Said bin Habib. Aliondoka Unguja miaka ya 1840 kwenda kutafuta pembe, akaingia ndani, akaendelea, mpaka akafika Luanda kwenye bahari ya Atlantiki. Livingstone mwenyewe alikutana naye katika nchi ya Walozi, magharibi ya Zambia ya leo, akaandika. Said alirudi Unguja mwaka 1860. Yaani wakati kitabu cha "bara lisilojulikana" kinatoka Paris mwaka 1863, Unguja alikuwapo mtu aliyekwishalikata bara hilo na kurudi nyumbani.

Na sitakuacha bila kumtaja wa pili, kwa sababu yeye ndiye ninayempenda zaidi. Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao. Alitekwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India. Bwana wake alipokufa akawa huru, akarudi huku. Burton na Speke walimkuta mwaka 1857 ni askari wa Sultani pande za mto Pangani. Akaenda nao mpaka Ujiji. Akaenda tena na Speke mpaka mahali Mto Nile unapotoka ziwani, akashuka mto mpaka Misri. Akaenda na Stanley kumtafuta Livingstone mwaka 1871. Halafu mwaka 1873 akatoka Bagamoyo na Mwingereza mwingine, Cameron, na mwaka 1875 wakatokea pwani ya Angola. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa medali ya fedha. Ukijumlisha njia zake zote, sijui ni mtu gani wa karne ile aliyeikanyaga Afrika kumzidi, na alifanya hivyo akiwa mkalimani, mpatanishi, msimamizi wa wapagazi, mtu wa kuamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Kazi hiyo naijua ladha yake. Sisi wa gari la chini tulikuwa hivyo hivyo.

*"Mzee, mimi ni fundi wa kuunganisha majiko na mitungi ya gesi, Mbagala. Kijana wangu wa karakana ananisimulia kwamba kwenye hiyo hadithi yule daktari alikuwa anapasha moto gesi ya ndani ya puto. Akizidisha moto linapanda, akipunguza linashuka. Na gesi yenyewe ni haidrojeni! Si angelipuka siku ya kwanza?"*

Fundi, swali lako ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu limeulizwa na mtu anayeogopa gesi kwa adabu.

Hofu yako ni ya kweli na imeshaua. Mfaransa Pilâtre de Rozier ndiye aliyekuwa rubani wa kwanza wa puto duniani. Tarehe 21 Novemba 1783 alipaa juu ya Paris na mwenziwe kwa puto la hewa moto, wakakaa angani kama dakika 25. Mwaka 1785 akataka kuvuka mlango wa bahari kwenda Uingereza, akaunganisha puto la haidrojeni na la moto pamoja. Tarehe 15 Juni waliondoka, hawakufika mbali. Puto liliporomoka karibu na Boulogne, akafa yeye na aliyekuwa naye. Verne kwenye karatasi alimkinga daktari wake kwa kuutenga moto na gesi: moto unapasha mabomba, mabomba yanapasha gesi. Wewe mtu wa viungio na mipira unajua kiungio kimoja kikivuja habari imekwisha.

Lakini sikiliza kwa nini alihangaika hivyo, maana hapo ndipo akili yake ilipo. Puto la gesi lina akiba mbili: gesi ndani na mchanga kwenye mifuko. Jua likitoka, gesi inapata joto, inatanuka, puto linapanda zaidi ya unavyotaka. Inabidi ufungue valvu uachie kidogo. Jua likizama gesi inapoa, puto linashuka. Inabidi umwage mchanga. Asubuhi unapoteza gesi, jioni unapoteza mchanga. Siku moja kati ya hizo akiba itakwisha, na safari imekwisha hapo, iwe juu ya kijiji au juu ya bahari. Wamarekani watatu waliovuka Atlantiki mara ya kwanza kwa puto la gesi, Agosti 1978, walikaa angani saa 137. Hazijafika siku sita. Daktari wa Verne alihitaji wiki tano. Kwa hiyo alilazimika kutafuta namna ya kupanda na kushuka bila kumwaga chochote, na jibu alilolipata, joto ndani ya gesi, ndilo lililokuja kuizunguka dunia mwaka 1999. Nitalifikia.

Kwa nini basi asitumie hewa moto tupu kama ya Serengeti? Kwa sababu ya mafuta. Mita moja ya ujazo ya haidrojeni inabeba zaidi ya kilo moja. Ya hewa moto inabeba kama robo ya hapo, tena kwa kuunguza gesi ya mitungi muda wote. Mitungi yetu ilitosha saa moja na akiba. Ukitaka wiki tano, puto lote litakuwa limebeba mitungi.

*"Shikamoo mzee. Nasoma kidato cha nne Tanga. Puto halina usukani wala injini. Rubani anajuaje atafika anakotaka?"*

Marahaba mwanangu. Hajui. Rubani wa puto haendi anakotaka, anakwenda anakopelekwa. Anachomiliki ni kupanda na kushuka basi. Ila upepo si mmoja, na siri yote iko hapo.

Nikuonyeshe. Saa kumi na moja alfajiri, bado giza, baridi ya Serengeti imekushika vidole. Rubani wetu anajaza kijiputo kidogo kama cha sherehe ya mtoto, anakifunga taa ndogo chini yake, anakiachia. Wote tunainua shingo. Ile taa inapanda wima kidogo, inaanza kwenda magharibi polepole. Ikifika juu zaidi inakata kona kuelekea kusini kama mtu aliyekumbuka kitu dukani. Rubani haongei. Anaangalia saa ya mkononi, anaangalia dira, anaangalia taa mpaka inakuwa nyota nyingine tu. Hapo amekwishaisoma asubuhi ile: kwa mita mia za kwanza upepo unakwenda hivi, juu yake unakwenda vile. Akitaka kusini anapanda, akitaka magharibi anashuka. Usukani wake ni huo.

Halafu ndiyo kazi inaanza. Kapu limelazwa ubavu, kitambaa kimetandazwa nyasini urefu wa kiwanja kidogo cha mpira. Feni inawashwa, kitambaa kinaanza kupumua. Wawili wetu tunashika mdomo wa puto uwe wazi, mmoja huku mmoja kule, na rubani anafungua majiko. Moto unapita katikati yetu kwa ngurumo. Uso unaungua, mgongo unaganda. Puto linajiinua kutoka ardhini kama ng'ombe anavyoinuka, nyuma kwanza, kisha lote. Kapu linasimama. Abiria wanapanda haraka. Kamba niliyoishika inavuta, inavuta, halafu inalegea, na wao wameshakuwa juu ya miti. Nakimbilia gari. Kutoka hapo yeye anafuata upepo na mimi namfuata yeye, na barabara za Serengeti hazikuchongwa kwa kufuata upepo.

Kuhusu riwaya, mimi kama mtoto wa mvuvi nina neno moja la pwani. Puto la Verne linaondoka Unguja tarehe 18 Aprili. Upepo wa kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo ungekusukuma kaskazini-magharibi, yaani kuelekea huko huko ziwani anakopeleka wasafiri wake. Hapo sina ugomvi naye. Lakini Aprili kusi ndiyo kwanza inaingia. Ni tanga mbili, upepo unageuka geuka, na baba yangu hakuuamini hata kwa ngalawa. Tena ni masika yenyewe. Mzanzibari yeyote angemwambia: Aprili ndio mwezi wa mvua kubwa kuliko yote Unguja. Maji yakilowesha puto ni uzito, na uzito ni mchanga unaoumwaga kabla hujafika Bagamoyo. Mswidi Andrée alijaribu kuipita Ncha ya Kaskazini kwa puto la haidrojeni Julai 1897. Ukungu uliganda juu ya kitambaa ukalielemea puto, na siku ya tatu yeye na wenzake wawili walikuwa chini juu ya barafu. Walijaribu kurudi kwa miguu. Mabaki yao yalipatikana mwaka 1930, na filamu za kamera yao zikasafishwa, picha zikatoka.

*"Mzee salaam. Bukoba hapa. Sawa, riwaya ni riwaya. Kuna mtu aliyewahi kuivuka Afrika kwa puto kweli kweli?"*

Salaam. Wapo waliojaribu kipande, na wapo waliovuka kwa upande ambao Verne hakuufikiria.

Kipande kilikuwa mwaka 1962, karibu miaka mia baada ya riwaya. Mwingereza Anthony Smith na wenzake walikuja na puto la haidrojeni walilolipa jina la Jambo. Walipaa kutoka Zanzibar, wakavuka bahari mpaka Tanganyika, ambayo ilikuwa imepata uhuru mwezi wa Desemba uliotangulia. Baadaye wakaruka na puto hilo hilo juu ya Ngorongoro. Baadhi ya wazee wa mjini nilikuwa nawasikia wakisimulia puto lile nilipokuwa mdogo, kila mtu na rangi yake na ukubwa wake. Nilikua nikiamini nililiona, mpaka mama akaniambia siku ile nilikuwa nimelala na homa.

Baada ya hapo mchezo uligeuka. Wamarekani walikuwa wameunda puto la kisasa la hewa moto lenye jiko la gesi ya mtungi. Ed Yost aliliruka Oktoba 1960 huko Nebraska. Jiko lile ndilo lililofungua mbuga zetu. Alan Root, mpiga picha za wanyama aliyekulia Kenya, aliruka na mkewe Joan juu ya Kilimanjaro kwa puto la hewa moto mwaka 1974, na mwaka 1976 akaanzisha maputo ya watalii Maasai Mara. Mkate wangu wa miaka 18 ulitokana na hapo.

Waliovuka bara ni Mswisi Bertrand Piccard na Mwingereza Brian Jones. Waliondoka Uswisi tarehe 1 Machi 1999, katika puto lenye gesi ya heli na hewa moto pamoja. Aina hiyo huitwa kwa jina la yule yule Rozier aliyekufa mwaka 1785, ila heli haiwaki, fundi wangu wa Mbagala, na tofauti yote ya kufa na kupona ni hiyo. Waliizunguka dunia nzima bila kutua. Tarehe 20 Machi walikata mstari wa kumalizia mzunguko juu ya Mauritania, na badala ya kutua wakaendelea na upepo mkali wa juu, wakaivuka Sahara, na asubuhi ya tarehe 21 wakashuka jangwani Misri. Siku 19 na saa 21 tangu Uswisi. Kutoka magharibi ya Afrika mpaka mashariki hawakumaliza hata siku moja. Verne aliwatoa watu mashariki akawapeleka magharibi. Wa kweli walipita kinyume, na juu sana, ndani ya chumba kilichofungwa hewa. Juu kiasi hicho huwezi kusalimiana na mtu aliye chini.

Hapo ndipo moyo wangu unagawanyika. Naistahi safari ile kwa dhati. Lakini puto ninalolipenda mimi linapita chini kiasi mwanamke aliyeko kisimani anapunga mkono na wa kapuni anaurudisha.

*"Baba, mume wangu anataka tupande puto Mara, siku yetu ya kumbukumbu ya ndoa. Naogopa. Na nina mimba ya miezi mitano. Nairobi."*

Binti yangu, usipande. Kupaa hakuna shida, ni laini kuliko lifti. Kutua ndiko kwenye mtikiso. Kapu linaweza kugonga, likaburutwa, likalala ubavu na ninyi ndani. Kampuni makini haichukui mjamzito. Mume asipande peke yake pia. Mkae kambini, mwone puto likipaa, mje mwaka mwingine na mtoto mkimwacha kwa bibi yake. Siku hiyo vaa suruali, viatu vya kufunga, na kofia, maana joto la majiko linashuka utosini.

*"Dereva mwenzako hapa, Arusha. Tuambie siku iliyokuwa mbaya kuliko zote."*

Hakufa mtu, lakini siku ile bado inanijia.

Ulikuwa mwezi wa tatu, nyasi ndefu. Kile kijiputo cha taa kilikwenda vizuri, puto likapaa vizuri, na nusu saa baadaye upepo ukabadilika juu na chini pamoja. Rubani akaita kwenye redio: anatua, gesi inamwishia, yuko ng'ambo ya korongo. Nilikuwa naliona puto lile likiishiwa pumzi juu ya migunga, halafu sikuliona tena. Abiria walikuwa 12, wawili wazee. Baada ya dakika kumi redio ikasema wote wazima, ila nyati wapo karibu, wamebaki ndani ya kapu lililolala.

Nililifuata lile korongo kwenda juu nikitafuta pa kuvukia. Kingo zilikuwa wima kama ukuta. Nikageuza, nikaenda chini. Ramani iliyokuwa kwenye gari, nzuri, imechapwa kwa rangi, ilionyesha mstari wa buluu basi. Mahali pa kuvuka haikuonyesha. Saa nzima ikapita. Nilikuwa natokwa na jasho kwenye baridi, na redioni sauti ya rubani imeanza kuwa ya upole mno, ile sauti ya mtu anayezuia wenzake wasiogope.

Nyuma ya gari alikuwapo mwenzetu Mwikoma, mtu wa vijiji vya magharibi ya hifadhi, ambaye kazi yake ilikuwa kukunja kitambaa na kubeba mitungi. Watu wachache walimuuliza jambo. Akanigonga bega akasema: simama. Akashuka, akaangalia chini, akatembea kidogo akinyoosha mkono nisimfuate. Akarudi. "Mavi ya tembo," akasema. "Wamepita jana na watoto. Tembo mwenye mtoto hapiti pabaya." Akakaa juu ya boneti, akawa ananielekeza kwa mkono, kushoto, kulia, polepole. Njia ile ya tembo ilizunguka kichaka, ikashuka ukingoni kwa mteremko mpana uliolainishwa na nyayo, kama umechongwa kwa ajili ya magari. Tukavuka maji yakiwa chini ya nusu gurudumu.

Tuliwakuta wamekaa ndani ya kapu magoti kifuani, kimya, na nyati kama 40 wanakula nyasi bila habari nao. Kishindo cha gari kikawasogeza. Bibi mmoja wa Kijerumani alipotoka alinishika mikono yote miwili, nikamwonyesha yule Mwikoma, akaenda akamshika na yeye.

Chai ilikuwa bado ya moto kwenye thamosi. Wakati wageni wanakunywa, rubani alimwita mwenzetu kwenye boneti, akakunjua ramani yake, akamuuliza pale tulipovukia panaitwaje. Akamtajia jina la Kiikoma. Rubani akamwomba alirudie taratibu, kisha akaliandika kwa kalamu ya risasi kando ya ule mstari wa buluu.